Mizani ya Kitangari

Gunia la kwanza la msimu lilikuwa la Bi Lukia Chilumba.
Lilipowekwa kwenye sahani ya chuma tarakimu zikacheza,
themanini na moja, themanini na mbili, themanini na moja,
kisha zikatulia, na kioo kikaandika
kilo elfu kumi na sita, mia nane hamsini na nane.

Gunia moja la korosho.
Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini.
"Nilipeni hivyo hivyo," akasema Bi Lukia.
Karani Nnunduma hakucheka. Alinitazama mimi,
mwandishi wa kiendeshi,
niliyeshuka na basi la alfajiri kutoka Mtwara.

Ligula, mezani kwangu, kilifanya kazi.
Kichakataji changu cha kule ni mpole:
ukikipa anwani iliyokaa upande
huokota kipande huku, kipande kule,
huunganisha, wala hakikwambii.
Kibao cha ghalani ni cha zamani, hakikufundishwa huruma.
Neno la baiti nne hulisoma kwenye sifuri, kwenye nne, kwenye nane.
Ukikituma kwenye moja kitarudi nyuma hadi sifuri,
kitazoa kilichopo, kitakizungusha,
kitakukabidhi kwa uso mkavu.

Nilikituma kwenye moja.

Mizani hutanguliza baiti ya hali:
sifuri, bado natikisika; moja, nimetulia.
Uzito hufuata, umembana mgongoni.
Basi ile moja ya kutulia ikazunguka,
ikaenda kukaa kichwani mwa uzito,
mahali ambapo moja ni tani kumi na sita na ushei.
Nililiona hilo nimechuchumaa kwenye vumbi la ghala:
ilipotikisika ilisema kweli.
Ilipotulia ndipo ikadanganya.

Mama yangu alitunga mashairi, Mikindani,
nyuma ya daftari la madeni ya duka.
Mizani alizihesabu kwa vifundo vya vidole,
na kipande kikikwama kwenye sita
alichomeka "basi", alichomeka "kweli", akaendelea.
Nilikuwa darasa la sita, mjuzi wa kila kitu.
Neno hili halina maana, mama.
"Halina maana," alisema, hakuinua kichwa. "Lina mahali."

Nikatenga sanduku jipya:
hali mwanzoni,
kisha sifuri tatu zisizobeba kitu,
ndipo uzito, kwenye nne.
Nikahamisha baiti moja moja, kama mtu anayehamisha mayai.

    Gunia la Bi Lukia, juu ya chuma latuwa,
    Sifuri tatu natia, nafasi zikajaziwa,
    Uzito ukahamia, kiti cha nne kupewa,
    Karani akaridhia, basi hesabu ikawa.

(Hilo "basi" la mwisho ni la mama.)

Themanini na moja, na nukta nne. Ikatulia, ikabaki hapo hapo.

"Hizo sifuri ulizotia," akauliza Bi Lukia, "zinakata ngapi?"
Maana ameshakatwa: ushuru, unyaufu, gunia lenyewe,
mchango wa darasa ambalo halijapata paa.
Nikamwambia hazikati.
"Kila kilichokaa kati yangu na mizani kimewahi kukata."
Nilitafuta jibu la kitaalamu, sikulipata.

Akaamuru gunia lishushwe.
Akapanda mwenyewe, na kanga zake, na ndala zake,
akasimama wima akitazama ukuta
kama anayepigwa picha ya kitambulisho.
Tarakimu zikacheza. Zikatulia.
Hamsini na tatu.

"Zahanati walisema hivyo hivyo Jumatatu."
Akashuka, akamnyooshea karani mkono
apewe stakabadhi yake.